Mwaka Tulioinasa Sauti ya Mama Mshai

Odhiambo alikuja Voi mwaka huu baada ya Pasaka, kutoa vitu vya marehemu mamake, Mama Atieno, katika vile vyumba vya mawe karibu na reli. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Anafundisha muziki katika shule moja huko Nakuru, ana mvi mpaka kwenye nyusi, na bado anatembea akiegemea upande mmoja kama mtu aliyebeba gitaa begani hata akiwa mikono mitupu. Tulipomaliza kufunga vyombo na kugawa vile ambavyo hakutaka kwenda navyo, alikuja kwangu kula. Nilipika kimanga, maharagwe na mihogo niliyoiponda pamoja mpaka ikashikana, kwa sababu alikuwa amenikumbusha kwa simu kwamba huko aliko hakuna anayejua kukipika. Baada ya kula nikamwekea ile albamu ya akina mama wa Sagalla tuliyoirekodi pamoja ujanani. Tuliisikiliza mpaka mwisho. Ndipo nikamwambia kwamba ule wimbo tuliomalizia kwa kompyuta peke yake ni wa nne. Akasema nimesahau, ni wa sita. Nikauweka tena wa nne, yeye akauweka wa sita, na mume wangu akachukua kiti chake akaenda kukaa barazani, akisema sasa ameelewa Mama Atieno alikuwa akivumilia nini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka ule, na nimeona niuandike kabla sisi wawili hatujaanza kubishana hata juu ya mambo ambayo kwa sasa tunakubaliana.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimeacha kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge upande wa Mwatate, kazi ambayo kila mtu aliniambia ni nzuri, nikahamia Voi na kompyuta moja nzito iliyokuwa imepitia mikono ya wengine kabla yangu. Kijana mmoja wa Mombasa alikuwa ameniwekea ndani yake programu ya kurekodi muziki. Siku nilipoifungua mara ya kwanza nikakohoa mbele ya maiki, na kile kikohozi changu kikajichora kwenye kioo kama kilima kidogo, nilijua sitarudi tena kuandika barua za mkonge. Nilikodi vyumba viwili katika nyumba za zamani zilizojengewa wafanyakazi wa reli. Kuta zake zilikuwa nene, za mawe, na hilo ndilo lililonivutia. Kimoja nilikifanya cha kulala na kupikia. Kingine nilikitundika mablanketi, nikakibandika trei za mayai nilizoombaomba kwenye hoteli za mjini, nikasimamisha godoro dirishani, nikakiita studio. Palikuwa na joto ndani yake ambalo siwezi kulieleza kwa mtu ambaye hajawahi kukaa Voi mwezi wa pili na dirisha limefungwa. Feni haikuwashwa kwa sababu maiki iliisikia. Tulikuwa tukirekodi wimbo mmoja, tunatoka nje kupunga hewa, halafu tunarudi kurekodi mwingine. Treni ya mizigo ilipopita, vikombe vilicheza kwenye sahani zake na sakafu ikanguruma, kwa hiyo kazi yote ilifanyika katikati ya treni na treni.

Mlango wa pili alikaa Mama Atieno, mjane wa mtu wa reli, aliyekuwa amekuja kutoka Siaya akiwa msichana na hakuondoka tena. Aliuza samaki wa kukaanga na alikuwa na friza kubwa nyeupe ambayo aliipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba yake. Odhiambo, mwanawe wa mwisho, alikuwa amepiga gitaa la besi katika bendi iliyotumbuiza watalii kwenye hoteli za pwani. Bendi ilipovunjika, kila mmoja aliondoka na kitu, na yeye aliondoka na mashine. Alikuwa na kompresa, ile inayoibana sauti ikipanda kupita kiasi ili isimrukie msikilizaji. Alikuwa na ekwalaiza, ya kuongeza au kupunguza besi na zile sauti nyembamba za juu. Alikuwa pia na kisanduku cha kutia mwangwi. Zote zilikuwa za chuma, nyeusi, zimechubuka kwenye kona, zimejaa vidude vya kuzungusha, na zikishawashwa kwa muda unaweza kuweka kikombe cha chai juu yake kisipoe. Alizileta chumbani kwangu kwa sababu kwa mamake hapakuwa na nafasi, na kwa sababu mimi nilikuwa na maiki. Ndivyo tulivyoanza kufanya kazi pamoja, bila kukaa chini na kukubaliana kwamba tunafanya kazi pamoja.

Hatukugombana juu ya kurekodi. Tuligombana juu ya kazi ya mwisho, ile tuliyoiita mastering, na mpaka leo sina neno jingine la kuiita. Ukisharekodi sauti zako na kuzipanga kila moja mahali pake, wimbo unakuwa kama nguo iliyoshonwa vizuri lakini haijapigwa pasi. Bado unataka kunyooshwa, usikike sawasawa kwenye redio ndogo ya dukani na kwenye spika kubwa za kanisa, na nyimbo zote za albamu zikae kama ndugu wa nyumba moja. Mimi niliamini kompyuta. Kila kitu alichokuwa nacho Odhiambo mle kwenye chuma, mimi nilikuwa nacho kwenye kioo: kompresa, ekwalaiza, mwangwi wa kanisa kubwa, mwangwi wa bafu, mwangwi wa pango. Nikikosea narudi nyuma. Nikitaka kuendelea kesho, nahifadhi, nazima, na kesho nakuta kila kitu pale nilipokiacha. Odhiambo alisema hiyo yote ni picha ya mashine. Alisema picha ya ugali haimshibishi mtu. Nikamjibu kwamba mashine zake zina mvumo kama mzinga wa nyuki na kwamba akizungusha kidude leo, kesho hatakumbuka alikizungusha mpaka wapi. Tulibishana hivyo asubuhi na mchana, na Mama Atieno, ambaye ukuta haukumficha neno, aliwaambia wateja wake kwamba watoto hawa wawili ama wataoana ama watauana. Hatukufanya lolote kati ya hayo.

Nikitazama nyuma naona kwamba tulikuwa na furaha sana mwaka ule, ingawa hakuna aliyetuambia. Mchana Mama Atieno aligonga ukuta kwa mwiko, na hiyo ilikuwa na maana chakula kiko tayari. Tulikula kwake, kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, omena, wale dagaa wa ziwani, au kichwa cha samaki kwa ugali, na siku nyingine mimi nilileta kimanga, akakionja kwa ncha ya kijiko na kusema kwamba sisi Wataita tunakula maharagwe kama watu wanaojificha. Kisha akamaliza sahani. Alinifundisha kula samaki bila kuangalia miiba. Aliniita nyathina, mtoto wangu, hata akinikemea, na zaidi akinikemea.

Akina mama wa Sagalla waliletwa na kiongozi wao, Mama Mshai. Ukiwa Voi mlima wa Sagalla uko pale juu yako siku zote, lakini watu wake hawashuki bila sababu, kwa hiyo nilipowaona wakiingia uani na vitenge vya sare na vumbi jekundu mpaka magotini nilijua wamekuja kwa jambo lenye uzito. Hawakufika kumi. Walitunga nyimbo zao wenyewe, nyingine kwa Kisagalla na nyingine kwa Kiswahili, nyimbo za kanisa na za shamba na moja ya kusubiri mvua. Mama Mshai alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, wa miaka hamsini na kitu, na alivaa kitambaa shingoni hata katika joto lile. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini akianza kuimba ilipanda juu ya wengine wote kwa wepesi, bila kulazimishwa, na ikabaki huko. Odhiambo, aliyekuwa akifunga waya sakafuni, aliacha kufunga waya. Pembeni yake alisimama rafiki yake Mkamburi, mnene, mcheshi, ambaye aliimba sauti ya pili na aliyekuwa akimshika Mama Mshai kiwiko kila walipoanza ubeti mpya, kana kwamba wanavuka barabara.

Siku ya pili ya kurekodi nilisikia jambo ambalo sikukusudiwa kulisikia. Tulikuwa tumetoka kupumzika. Mimi nilirudi kwenye kompyuta kabla ya wengine, nikavaa hedifoni kuchunguza kelele fulani, na maiki ya upande wa pili wa blanketi ilikuwa bado imewashwa. Mama Mshai na Mkamburi walikuwa wamebaki ndani. Mkamburi alikuwa akimwuliza kama daktari amemwambia tarehe. Mama Mshai akasema bado, lakini ni kabla ya mwaka kuisha, Mombasa, watalitoa lile tezi la shingoni. Mkamburi akauliza kuhusu sauti. Kukawa kimya, kimya kirefu ambacho niliona mstari wake kwenye kioo ukienda moja kwa moja.

"Amesema inaweza kubadilika," Mama Mshai akasema. "Inaweza kurudi, inaweza isirudi vile ilivyo. Ndiyo maana nimewaleta hapa. Sitaki kukumbushwa na watu kwamba nilikuwa nikiimba. Nataka nijisikie mwenyewe."

Nilivua hedifoni, nikaizima ile maiki, nikatoka nje nikasimama juani. Odhiambo alinitazama tu na kuniuliza nimeona nini. Nikamwambia yote. Tangu siku ile tulibishana kwa namna nyingine. Awali kila mmoja alitaka kushinda. Sasa kila mmoja aliogopa kwamba mwenzake ndiye atakayeiharibu ile sauti.

Tukaamua kila mmoja atengeneze nakala yake ya nyimbo zilezile, na akina mama wenyewe wachague. Mimi nilikaa na yangu kwa majuma. Nilipunguza, nikaongeza, nikarudi nyuma, nikahifadhi, nikafungua tena. Nilitia mwangwi wa kanisa kubwa mpaka Mama Mshai akasikika kama anaimba chini ya kuba. Nilipandisha sauti yote mpaka mawimbi yakajaza kioo juu na chini. Kila siku ilikuwa nzuri kuliko jana, na kila siku nilipata kitu kingine cha kurekebisha. Odhiambo alifanya yake kwa mchana mmoja. Alipitisha nyimbo kwenye mashine zake, akasimama mbele yake akiwa amefumba macho nusu, akizungusha kidude hiki na kile, na zilipomalizika akasema zimemalizika.

Tulipanda Sagalla kwa bodaboda, mimi nikiwa nimepakata redio ya CD, Odhiambo kwenye pikipiki ya nyuma na CD mbili ndani ya shati. Hatukuandika kitu juu yake isipokuwa alama ambazo sisi tu tulizijua. Njiani tulipita foleni ya mitungi ya maji iliyopangwa mpaka kwenye kona, wenyewe wamekaa kivulini wakisubiri zamu. Nyumbani kwa Mama Mshai tulikaribishwa sebuleni, tukapewa chai ya maziwa yenye tangawizi na viazi vitamu, na baadhi yetu tukakaa kwenye makochi na wengine kwenye mkeka. Niliweka CD yangu kwanza, kisha ya Odhiambo. Hawakuhitaji hata kumaliza wimbo wa pili. Wote walisema ile ya kwanza. Mkamburi alisema ile ya kwanza ni ya watu wa televisheni. Mimi niliangalia kikombe changu ili uso wangu usionekane, na Odhiambo akaomba chai nyingine.

Tungeondoka hivyo kama Mama Mshai hangeomba kuisikia tena ile ya kwanza. Niliiweka. Baada ya muda akanyoosha mkono akaipunguza sauti, kama mtu yeyote anavyofanya redio ikipiga kelele na kuna wageni. Akasikiliza hivyo, kwa upole, mpaka mwisho. Halafu akamwuliza Mkamburi, "Wewe uko wapi hapa?" Mkamburi akainamisha kichwa akatafuta. Hakujisikia. Tukaweka ya Odhiambo, kwa sauti ileile ya upole, na Mkamburi akawa yupo, na hata ile pumzi ya Mama Mshai kabla ya ubeti ilikuwepo, ile ambayo mimi niliibana mpaka ikapotea. Nilielewa pale pale, na mtu yeyote anayefanya kazi hii atacheka kwamba nilihitaji kupanda mlima ili nielewe: yangu ilikuwa imependwa kwa sababu ilikuwa na kelele zaidi. Sikio likisikia vitu viwili, linakipenda kile chenye sauti kubwa na kusema ndicho kizuri. Mpaka leo, kabla ya kulinganisha kitu na kitu, kwanza nahakikisha vinazungumza kwa sauti moja. Vijana wanaokuja studioni kwangu na nyimbo walizorekodi kwenye simu chumbani kwao huniuliza ni ipi bora, programu ama mashine. Nawaambia kwanza wapunguze sauti.

Lakini Odhiambo naye hakushinda. Kwa sauti ile ya chini, mvumo wa mashine zake ulisikika wazi katikati ya beti. Akina mama wakagawanyika, huku na huku, kila mmoja akitetea. Mama Mshai aliwaacha waseme, kisha akatuambia, bila kumtazama yeyote kati yetu, kwamba katika ile ya kwanza anaimba ndani ya kanisa ambalo hajawahi kuingia, na katika ya pili yuko nyumbani kwake, lakini nyumba ina nyuki. "Je, hamwezi kuniondolea nyuki," akauliza, "halafu mniache nyumbani?"

Tulishuka mlima. Tulipofika chini, Odhiambo alisema sasa inabidi tuutafute huo mvumo unakotoka. Tuliutafuta siku nyingi. Tulibadilisha waya, tukahamisha mashine ukuta huu na ule, tukazima taa, tukamwomba jirani azime redio yake. Mwishowe, mchana mmoja stima ya nyumba yetu ilipopotea na kurudi, nilikuwa nimevaa hedifoni, na kwa muda mfupi baada ya stima kurudi mashine zilikuwa safi kabisa. Kisha mvumo ukaanza, na papo hapo nikausikia kupitia ukutani mlio mwingine: friza ya Mama Atieno ilikuwa imejiwasha. Vyumba vyake na vyangu vilitumia waya mmoja. Nyuki wa Mama Mshai walikuwa samaki wa Mama Atieno.

Odhiambo hakuthubutu kumwambia. Mimi ndiye niliyekwenda. Nilimkuta anachambua mchele, nikamweleza yote, hata lile la tezi na la daktari, kwa sababu sikuona njia ya kumwomba mtu azime riziki yake bila kumpa sababu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza Mama Mshai ana watoto wangapi. Nikamwambia. Akauliza kama mumewe yuko hai. Nikamwambia hayuko. Akaendelea kuchambua mchele kwa muda.

"Jumapili baada ya kanisa," akasema. "Na hao samaki wote mtawala. Siwezi kuwarudisha kwenye baridi wakishalegea."

Jumapili hiyo ndiyo ninayoikumbuka kuliko siku nyingine yoyote ya ujana wangu. Alichomoa friza kwa mkono wake mwenyewe, akavuta jiko uani, akaanza kukaanga. Akina mama wa Sagalla walishuka na mahindi na ndizi. Ndani, Odhiambo alisimama mbele ya mashine zake na mimi mbele ya kompyuta. Nilipiga nyimbo kutoka kwenye kompyuta, zikapita ndani ya vyuma vyake, zikarudi kwangu, nami nikazirekodi upya. Hapakuwa na kurudi nyuma. Vidole vyake vilikwenda pamoja na wimbo, akibana kidogo pale Mama Mshai alipopanda, akiachia pale aliposhuka, na mimi nikimnyooshea kidole kumwonyesha ubeti unakaribia. Treni moja ilipita katikati ya wimbo wa tatu, hatukusikia tena tulichokifanya, tukaanza upya. Nje tulisikia mafuta yakichemka na Mama Atieno akimfundisha Mkamburi kula kichwa cha samaki. Mvumo haukuwepo. Tulipomaliza wimbo wa mwisho, Odhiambo alitoa mikono yake kwenye zile mashine polepole kama mtu anayeondoka kwenye chumba alimolala mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue ile kompyuta nilikuwa nimemaliza kitu, na sikuwa na hamu ya kukifungua tena. Tulitoka nje tukala. Kulikuwa na samaki wengi hata watu wa vyumba vya mwisho waliitwa, na Mama Atieno alizunguka na sufuria akitushurutisha kama vile sisi ndio tuliomfanyia hisani.

Hospitali ilimwita Mama Mshai mapema kuliko tulivyotarajia. Alishuka asubuhi na Mkamburi na mkoba mmoja, na kabla ya kwenda kupanda basi la Mombasa walipita kwangu. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba chake, nikampigia albamu. Alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikienda, bila sauti. Mkamburi alisimama nyuma yake ameshika mgongo wa kiti. Kwenye wimbo mmoja, ule wa kusubiri mvua, Mama Mshai alifungua macho, akavua hedifoni akampa Mkamburi, kisha akaniambia kwamba wimbo ule aliutunga Mkamburi, si yeye, na kwamba hapo yeye yuko juu sana. Aliomba ashushwe, Mkamburi asikike mbele. Nilimwangalia Odhiambo. Mashine zake zilikuwa zimeshatumika kwa kazi nyingine, vidude vyote vilikuwa vimezungushwa, friza ilikuwa imejaa samaki wapya inanguruma ukutani, na basi lilikuwa likisubiri. Nilitegemea atasema haiwezekani. Badala yake alivuta kiti kingine akakiweka karibu na changu.

"Fungua kompyuta," akasema. "Huu ufanye wewe."

Niliufungua wimbo jinsi ulivyokuwa kabla ya kupita kwenye mashine, kila sauti mahali pake, kama nilivyouhifadhi. Nilimshusha Mama Mshai, nikampandisha Mkamburi. Nilitia kompresa ya kwenye kioo kidogo sana, sikugusa mwangwi, sikujaza mawimbi. Odhiambo alisikiliza kwa sikio moja la hedifoni na mimi kwa lingine, vichwa vyetu vikigusana, na mara mbili alisema basi, na mara zote mbili niliacha. Kisha tukampa Mama Mshai. Alisikiliza wimbo wote. Mwishoni alimshika Mkamburi mkono na kumwambia kwa Kisagalla neno ambalo sikulielewa na sikuuliza. Wakaenda kupanda basi, na CD ikiwa ndani ya mkoba kati ya nguo.

Huo ndio wimbo ambao Odhiambo na mimi tunabishana juu yake. Wimbo huo wa mvua una nakala mbili kwenye albamu, kwa sababu baadaye tuliupitisha pia kwenye mashine, Mkamburi akiwa mbele vilevile, na CD zilizouzwa zilipangwa upya zaidi ya mara moja. Nimezisikiliza zote mbili tena na tena tangu aondoke, kwa hedifoni nzuri kuliko zozote tulizowahi kuwa nazo, katika chumba chenye kiyoyozi. Siwezi kuapa ni ipi ya kompyuta. Mtu aliyeamini chuma na mtu aliyeamini kioo wamefanya kazi ambayo wao wenyewe hawawezi kuitenganisha, na nikiifikiria hiyo nafurahi kuliko kama ningekuwa nimeshinda.

Upasuaji ulikwenda salama. Tulipata habari kwa Mkamburi, ambaye alishuka kila siku ya soko na kupita kwa Mama Atieno kusema na kula. Alisema Mama Mshai amerudi nyumbani, anakula, lakini amekatazwa kusema, kwa hiyo anawaongoza watu kwa mikono. Baadaye akasema ameanza kunong'ona. Kisha kwa muda mrefu hakutaja sauti, nasi hatukumwuliza. Tuliisikia albamu ikipigwa kwa kinyozi mmoja karibu na stendi, na mara moja kwenye duka la dawa, na kila mara Odhiambo alisimama nje mpaka wimbo uishe, akijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Krismasi tulipanda Sagalla sote watatu, Mama Atieno akiwa amevaa gauni lake la bluu la sherehe na akilalamika juu ya kona zote za barabara. Hatukubeba mashine yoyote. Kanisa lilikuwa limejaa na milango imefunguliwa kwa ajili ya upepo. Akina mama walisimama mbele kwa sare zao, na niliona kwamba wamebadilishana nafasi: Mkamburi alikuwa amesimama pale alipokuwa akisimama Mama Mshai, na Mama Mshai pembeni yake, bila kitambaa shingoni, ile alama ya kushonwa ikionekana. Walipoanza, Mkamburi ndiye aliyepanda, kwa hofu kidogo mwanzoni. Chini yake ikaja sauti nyingine, nzito, yenye mkwaruzo, pana, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Ilichukua muda nielewe ni ya nani. Mama Mshai alikuwa amemshika Mkamburi kiwiko. Mama Atieno, ambaye hakujua neno la Kisagalla, alikuwa akilia na kuimba kwa Kijaluo.

Baada ya ibada tulimkuta Mama Mshai nje akisalimiana na watu. Alitushika mikono mmoja baada ya mwingine, akamshika Mama Atieno kwa muda zaidi. Nilitaka kumwambia kitu kizuri juu ya sauti yake. Yeye akanitangulia, kwa ile sauti mpya, kana kwamba anaulizia mtungi wa maji.

"Hii ya chini nayo bado haijarekodiwa. Mnakuja lini?"

Odhiambo alianza kuhesabu siku za kutengeneza waya, na Mama Atieno alianza kusema juu ya friza. Mimi niliwaacha waseme, nikamwambia Mama Mshai ashuke wiki ijayo.